Namba ya Soshal Inapochelewa: Mbinu kwa Aliyemfuata Mwenzi Wake Marekani

Anayeingia Marekani kwa viza ya ndoa hachukui hata wiki kugundua kwamba kila mlango anaobisha unauliza tarakimu tisa. Benki inazitaka. Mwajiri anazitaka. Ofisi ya leseni ya udereva inazitaka, na kampuni ya simu nayo itazidai kabla ya kumpa laini ya kulipia mwisho wa mwezi. Tarakimu hizo ni namba ya Social Security, ambayo Waswahili wengi wa huko huiita soshal. Idara ya Hifadhi ya Jamii, SSA, ilianza kuzigawa mwaka 1936 kwa ajili ya kumbukumbu za mishahara na mafao. Siku hizi zinatumika karibu kila mahali, na asiye nazo anakuwa mgeni hata nyumbani kwake.

Nasema nyumbani kwake kwa makusudi. Namba ikichelewa, gari liko kwa jina la mwenyeji, yaani mwenzi aliyetangulia, mkataba wa nyumba kwa jina lake, akaunti kwa jina lake, na mgeni anaomba hela ya vocha. Ndugu waliobaki Tanga au Kisumu wanauliza mbona hatumi kitu, na ukiwaeleza habari za namba wanaona unawazungusha. Nimeona ndoa changa zikiingiwa na maneno kwa sababu ya bahasha ambayo haijafika. Kwa hiyo suala hili lisiachwe kuwa la mgeni peke yake. Mwenyeji naye alikalie kitako.

Wengi hukimbilia ofisini kabla ya kujua karatasi imekwama wapi. Ukifuatilia namba iliyochelewa, mara nyingi utaikuta kwenye kituo kimoja kati ya vichache vinavyojulikana, na kila kituo kina namna yake ya kukwamuliwa. Anza na swali moja tu: uliingia kwa viza gani?

Viza ndiyo inayoamua njia

Mwenzi wa raia aliyeingia kwa viza ya uhamiaji, yaani CR1 au IR1, au mwenzi wa mwenye grini kadi aliyepitia kundi la F2A, alijaza Fomu DS-260 kabla ya usaili wa ubalozini. Ndani ya fomu hiyo mna maswali mawili ambayo watu huyapita mbio: je, unataka SSA wakupe namba, na je, unakubali taarifa zako wapelekewe? Aliyejibu ndiyo kote kuwili hahitaji kwenda ofisi yoyote. Akishagongewa muhuri uwanja wa ndege, taarifa zake hupelekwa SSA na kadi hutumwa kwa posta. Utaratibu huu umekuwapo tangu 2002, na SSA wenyewe wanasema kadi ifike ndani ya wiki tatu tangu kuingia nchini.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui walijibu nini. Fomu ilijazwa na binamu, au na wakala wa mjini aliyelipwa kwa haraka, na nakala haikubaki. Kama nakala unayo, itafute na uhakikishe. Kama huna, subiri wiki tatu zile, kisha uende ofisini ukiwa tayari kwa lolote. Usiende wiki ya kwanza ukaanzisha ombi jipya wakati lile la kwanza liko njiani. Kumbukumbu mbili za mtu mmoja zikikutana ndani ya mitambo, kazi ya kuzitenganisha utaachiwa wewe. Lakini pia usikae miezi ukisema "itakuja tu". Wiki ya nne ikianza bila bahasha, inuka.

Aliyeingia kwa K-1, viza ya mchumba, njia yake ni nyingine kabisa. Yeye alijaza DS-160, na hakuna kadi itakayomfuata yenyewe. Lazima aende ofisini kwa miguu yake, na muda wake ni mfupi. Kumbukumbu yake ya kuingia, I-94, ina siku 90 tu, na SSA hukataa ombi kama zimebaki pungufu ya siku 14. Akienda siku ya pili baada ya kutua, huenda mtambo bado haujamwona. Akienda siku ya 80, amechelewa. Wakati mzuri ni kama wiki mbili baada ya kufika, na asingoje harusi. Tena aombe kwa jina lililo kwenye I-94, hata kama ndoa imeshafungwa na cheti kimo mkobani; jina la mume litaingizwa baadaye, grini kadi ikitoka.

Hapo kwenye K-1 pana mgogoro wa kawaida. Karani anaweza kukuambia kwamba mchumba hana haki ya namba mpaka apate kibali cha kazi. Usigombane naye. Mwombe kwa adabu amwite msimamizi wake, na umtajie kwamba mwongozo wao wa ndani, uitwao POMS, unaihesabu K-1 miongoni mwa hadhi zinazoruhusiwa kufanya kazi ndani ya muda wa I-94. Mwongozo huo uko wazi mtandaoni. Chapa ukurasa wenyewe uende nao.

Siku hizo za K-1 zikishakupita, au kama uliingia kwa viza ya utalii au ya masomo ndipo ukaoa au kuolewa, namba itakuja pamoja na maombi yako ya uhamiaji. Fomu I-485 ya ukaazi ina mahali pa kuomba soshal; kuomba kupitia Fomu I-765 ya kibali cha kazi nako kulikuwapo, ila SSA walikusimamisha Machi 2025. Weka tiki zako hapo kwenye I-485. Grini kadi ikitoka, kadi ya SSA kwa kawaida hufuata ndani ya wiki mbili; mwenye kibali cha kazi ajiandae kwenda nacho ofisini.

Vituo vinavyokwamisha

Kituo cha kwanza ni sanduku la barua, na hiki ndicho wasomi wanachokidharau. Dada mmoja niliyemsindikiza alikuwa ameshapewa namba tangu wiki yake ya pili nchini. Fleti yao ilikuwa na ukuta wa visanduku vya chuma ghorofa ya chini, kila kimoja na kikaratasi cha jina ndani ya kioo kidogo. Chao kiliandikwa jina la ukoo la mume peke yake, tena kwa kalamu iliyopauka. Mtu wa posta alipoona bahasha ya jina asilolijua, akairudisha ilikotoka. Karani wa SSA alipofungua kompyuta yake alishangaa dada huyu anaomba nini tena. Dawa ilikuwa kikaratasi kipya chenye majina yote mawili na ombi la kadi mbadala, ambalo nalo ni bure. Kwa hiyo kabla hata ya ndege kutua, mwenyeji aandike jina la mwenzi wake kwenye sanduku, kama lilivyo kwenye pasipoti, na amwambie mtu wa posta akikutana naye.

Anwani nayo ina mambo yake. Uwanjani, afisa wa forodha na mipaka, CBP, huuliza kadi zitumwe wapi. Aliyetaja nyumba ya shemeji kisha akahamia kwake baada ya siku kumi, ameacha barua zake zikimtafuta. Mhamiaji anatakiwa kuijulisha idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, anwani mpya ndani ya siku 10 kwa Fomu AR-11, mtandaoni, bila malipo. SSA ni ofisi nyingine kabisa. Kubadili huku hakubadili kule. Usidhani pia kwamba posta ikielekezwa kukuhamishia barua, bahasha za serikali zitafuata, kwa maana nyingine zina maelekezo ya kurudishwa kwa aliyezituma.

Wengine huchanganya bahasha mbili. Grini kadi hutoka USCIS, na kwa walioingia na viza ya uhamiaji haichapishwi mpaka ilipwe ada ya uhamiaji, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 235. Soshal hutoka SSA na haina ada hata senti. Moja ikifika haina maana nyingine iko karibu, na ukiona mtu anakutoza "kuharakisha soshal", jua umeingizwa mjini.

Kituo cha pili ni uhakiki. SSA hawatoi namba kwa mgeni kabla ya kuiuliza Wizara ya Usalama wa Ndani, DHS, kama kweli ameingia kihalali. Huuliza kupitia mtambo uitwao SAVE. Mara nyingi jibu huja papo hapo, karani akiwa bado anakutazama. Jibu lisipokuja, swali hupelekwa kwa binadamu akapekue kumbukumbu, na hapo ndipo wiki zinapogeuka miezi. Kinachosababisha mara nyingi ni kidogo mno: herufi moja ya jina, namba ya pasipoti ya zamani, au tarehe iliyogeuzwa.

Tarehe hasa. Wamarekani hutanguliza mwezi. Aliyezaliwa tarehe 3 Julai akiandika 03/07 kama alivyozoea, amejifanya wa Machi 7, na mtambo hautamtambua. Na majina yetu ni mtihani mwingine. Mzanzibari mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, hukuta moja limefanywa la kati, jingine la ukoo, na fomu nyingine imelitupa kabisa. Pasipoti iliyoandika majina yote kwenye mstari mmoja huweza kuzaa viza yenye herufi FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina la kwanza halijulikani, na mtu akajikuta barua zote zinamwita Fnu. Kanuni ya kushika ni hii: SSA hufuata jina lililo kwenye hati yako ya uhamiaji, hata kama si hilo uitwalo nyumbani. Fomu zako zote ziandikwe hivyo hivyo, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda ofisini, fungua tovuti ya CBP uchapishe I-94 yako. Ilinganishe na pasipoti na viza: jina, siku ya kuzaliwa, aina ya viza, tarehe ya kuingia. Kama kuna kosa, SSA hawawezi kukusaidia. Linasahihishwa na CBP wenyewe, kwenye ofisi zao zinazoshughulikia masahihisho, nyingi zikiwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege. Kwenda SSA mara kumi na I-94 yenye kosa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Siku ya ofisini

Tangu Januari 2025 ofisi za SSA zinataka miadi. Unaweza kuanzisha ombi mtandaoni, kisha una siku 45 za kulikamilisha ana kwa ana, au upige 1-800-772-1213. Piga asubuhi mapema. Mkalimani ni bure na ni haki yako. Sema "Swahili" tangu mwanzo wa simu, na usimtegemee mume au mke akutafsirie mambo ya tarehe na majina, kwani wenyeji nao hukosea majina yetu.

Beba hati halisi: pasipoti yenye viza na muhuri, I-94 iliyochapishwa, grini kadi au kibali cha kazi kama kimeshafika, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Fotokopi haikubaliwi, hata ikithibitishwa na wakili. Fomu ya ombi ni SS-5. Na mwenye umri wa miaka 12 au zaidi anayeomba namba kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe. Mwenyeji hawezi kumwendea.

Ukishaketi mbele ya karani, usiseme tu "nimekuja kuuliza namba yangu". Uliza mambo matatu, kwa utaratibu. Je, kwenye kumbukumbu zenu nimeshapewa namba? Kama ndiyo, kadi ilitumwa anwani gani na lini? Kama bado, SAVE wamejibu nini, na namba ya swali hilo ni ipi? Hiyo namba ya SAVE ni ya thamani, kwa sababu USCIS wana ukurasa wa kufuatilia mtandaoni, unaoitwa CaseCheck, unaokuonyesha kama jibu limesharudi SSA. Likiwa limerudi na wewe hujapata kitu, unarudi ofisini ukijua mpira uko kwao. Usitoke bila karatasi inayoonyesha kwamba umeomba, na uandike tarehe na dirisha ulilohudumiwa.

Tanzania tumezoea namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, kutoka kwanza na kadi kufuata Mungu akijalia. Marekani nako namba huwapo kabla ya kadi, ila hawatakusomea kwenye simu, na tangu 2014 wameacha kutoa karatasi iliyochapishwa yenye namba. Utangoja bahasha.

Wakati unangoja

Hapa ndipo watu wanapojifunga wenyewe. Wanaambiwa bila soshal hakuna kazi, na wanaamini. Kwa aliyeingia na viza ya uhamiaji si kweli. Tazama ukurasa wa viza kwenye pasipoti yako: yameandikwa maneno kwamba ikigongwa muhuri inakuwa uthibitisho wa muda wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka 1. Hati hiyo pekee inatosha kwa Fomu I-9, ambayo mwajiri huitumia kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi. Ofisi ya utumishi ikikuambia "hatuwezi kukuanzisha bila kadi", waeleze kwamba sheria inamruhusu aliyeomba namba kuanza kazi huku akiisubiri. Waajiri wanaotumia E-Verify, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki haki ya kufanya kazi, wanaweza kuchelewesha kuingiza taarifa zako kwa sababu hiyo hiyo, na mfumo wenyewe una sehemu ya kueleza kwamba namba inasubiriwa. Kwenye taarifa ya mishahara ya W-2 mwajiri huweka sifuri mahali pa namba, kisha akarekebisha kwa W-2c. Nenda na ile karatasi ya SSA mkononi. Waajiri wadogo wengi hawajui haya, na maghala ya kubeba boksi ndiyo hushika sana habari ya kadi. Kampuni kubwa zenye watu wa utumishi waliosomea kazi yao huelewa upesi zaidi.

Wa K-1 asiige hili. Ndani ya zile siku 90 hadhi yake inamruhusu, lakini mwajiri atataka hati asiyokuwa nayo, na siku zikiisha hana ruhusa mpaka kibali kitoke.

Benki nazo hazilazimiki kukukatalia. Kanuni za shirikisho zinaruhusu asiye raia kutambuliwa kwa namba ya pasipoti. Lakini kila benki ina sera yake, na tawi moja litakubali pale ambapo jingine limekataa. Nendeni wawili, mwombe akaunti ya pamoja, na ulizeni vyama vya akiba na mikopo vya mtaani, ambavyo mara nyingi havina maringo. Kuwa na jina lako kwenye taarifa ya benki kutakufaa pia siku USCIS watakapotaka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli.

Leseni ya udereva ni suala la jimbo, na majimbo hayafanani. Mengine hukubali barua ya SSA yenye alama SSA-L676, inayoeleza kwamba ombi lako halikuweza kushughulikiwa kwa sasa. Soma masharti ya jimbo lako kabla ya kupanga foleni.

Kodi isikutishe. Ritani ya pamoja inataka namba za wote wawili, na mwisho ni Aprili 15. Kama namba iko njiani, mwenyeji apeleke Fomu 4868 apate muda mpaka Oktoba 15. Nyongeza hiyo ni ya kupeleka ritani, si ya kulipa. Deni la kodi lilipwe kwa wakati. Wapo watakaokushauri uombe ITIN, namba ya kodi, ili mmalize upesi, lakini namba hiyo ni ya asiyestahili soshal. Wewe unastahili, kwa hiyo usijichanganyie kumbukumbu.

Na ushauri mwingine utaupata msibani au kwenye sherehe, kwa sauti ya chini: tumia namba ya fulani kwa muda, atakukopesha. Kataa. Mwenye grini kadi ya miaka 2, ile wanayopewa walioingia ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2, bado ana Fomu I-751 ya kuondoa masharti ya ukaazi mbele yake, na baadaye uraia. Namba ya kukopa ni kosa la jinai, na maafisa huliona kwa urahisi kwenye kumbukumbu za mishahara.

Ikizidi miezi

Umesahihisha I-94, umebadili jina la sanduku, SAVE wamejibu, na bado kimya. Hapo mtumie mbunge. Kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi na kila seneta ana wafanyakazi wa kufuatilia kesi za watu wa eneo lake katika idara za serikali, na hawatozi kitu. Ingia kwenye tovuti yake, jaza fomu ya kuruhusu taarifa zako zitazamwe, tia saini, ambatisha karatasi zako za SSA na namba ya SAVE. Eleza kwa mistari michache: uliingia lini, uliomba lini, umejibiwa nini. Mwenyeji akiwa raia, aweke jina lake pia, maana ni mpiga kura wao. Si mara zote hufua dafu, lakini ofisi iliyokaa kimya kwako huwa haipendi kukaa kimya kwa mbunge.

Kadi ikifika, soma jina kabla ya kuitia saini. Peleka namba kwa mwajiri na benki siku hiyo hiyo, kisha uifungie ndani. Hakuna sababu ya kutembea nayo. Iliyotolewa kwa K-1 au kwa kibali cha kazi huwa imeandikwa juu yake kwamba ni halali kwa kazi pamoja na idhini ya DHS tu. Grini kadi ikishatoka, rudi SSA na cheti cha ndoa: wataondoa maneno hayo na kuweka jina jipya kama grini kadi imeshalichukua, na namba itabaki ile ile.